Dau la shilingi 20 na hesabu isiyofanywa na wachezaji kamari

KUANZIA Asumbi katika Kaunti ya Homa Bay hadi Rongo na Awendo katika kaunti jirani ya Migori, kamari haihitaji tena jengo, meza wala karata. Simu moja, laini ya M-Pesa na shilingi 20 zatosha kumwingiza kijana katika mchezo ambao mpinzani wake yuko mbali na hajulikani kwa sura.

Shilingi hizo 20 sasa zimo katika sheria. Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya mwaka 2025, ambayo Rais William Ruto aliitia saini Agosti mwaka huo, iliweka kiasi hicho kuwa dau la chini kabisa katika kamari ya mtandaoni. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1966, iliyotungwa wakati ambapo mtu aliyetaka kucheza kamari alilazimika kuvaa viatu na kwenda mahali pa kuchezea.

Huenda kiwango hicho kikamfanya mtu asite kidogo kabla ya kubonyeza simu. Hata hivyo, udogo wa dau haujawahi kuwa kinga. Jambo ambalo sheria haiwezi kumfanyia mchezaji ni kumpimia iwapo fedha anazotoa zinalingana na nafasi aliyo nayo ya kushinda.

Kipimo hicho kipo, na wanaokijua vyema zaidi ni wachezaji wa poka, mchezo wa karata ambao haujaenea sana nchini Kenya lakini umewavutia mamilioni ya watu duniani kupitia mtandao. Katika meza za mtandaoni za madau madogo, ambako watu hucheza kwa senti chache za dola, mchezaji asiyejua hesabu mbili za msingi humaliza fedha zake mapema. Hesabu hizo zinaweza kumfaa pia kijana wa Asumbi ambaye hajawahi kushika karata.

Hesabu ya mezani

Hesabu ya kwanza hulinganisha mambo mawili: fedha ambazo tayari ziko mezani, na fedha ambazo mchezaji anatakiwa kuongeza ili aendelee kuzigombea.

Chukua mfano wa mchezaji mwenye karata mbili za kopa mkononi. Mezani kumefunuliwa karata nne, mbili kati yake zikiwa za kopa, na imebaki moja tu kufunuliwa. Ikija kopa, atakuwa na kopa tano na huenda akashinda. Isipokuja, hana kitu.

Karata zote ni 52, naye ameziona sita. Zimebaki 46, na kati ya hizo kopa ni tisa. Kwa hiyo, katika kila mara 46 atapata kopa mara tisa na kukosa mara 37. Nafasi yake ni karibu asilimia 20.

Ikiwa mezani kuna shilingi 80 na mpinzani ameweka dau la shilingi 20, mchezaji huyo anatakiwa kutoa 20 ili agombee 100. Katika mara 46, atashinda shilingi 100 mara tisa, yaani shilingi 900, na kupoteza shilingi 20 mara 37, yaani shilingi 740. Akiendelea kucheza hivyo bila kuchoka atabaki na faida ya shilingi 160, ingawa mara nyingi zaidi atakuwa amekosa.

Mpinzani akiweka shilingi 40 badala ya 20, mambo hugeuka. Sasa mchezaji anatoa 40 ili agombee 120. Mara tisa za ushindi zitampa shilingi 1,080, na mara 37 za kukosa zitamgharimu shilingi 1,480. Karata ni zile zile, nafasi ni ile ile, lakini bei imepanda, na mchezaji makini hutupa karata zake.

Hapo ndipo penye funzo la kwanza. Mchezaji wa poka hajiulizi tu kama ana matumaini ya kushinda, kwa sababu matumaini hayakosekani kamwe. Hujiuliza kama matumaini hayo yanauzwa kwa bei inayostahili.

Hesabu ya pili hutazama mbele. Katika mfano huo wa dau la shilingi 40, mchezaji anaweza kuendelea iwapo ana sababu ya kuamini kwamba kopa ikija, mpinzani ataongeza fedha nyingine mezani. Ili hasara ile ifidiwe, ni lazima atarajie angalau shilingi 45 zaidi katika kila ushindi.

Matarajio hayo yana masharti. Mpinzani lazima awe bado na fedha, awe tayari kuzitoa, na asiwe na karata bora zaidi. Mwandishi Mmarekani David Sklansky, ambaye kitabu chake The Theory of Poker kimewafunza wachezaji wengi, alieleza hesabu hizi zote mbili, na pia upande wake wa giza: kuna karata ambazo humpa mchezaji ushindi mdogo zinapofaulu na kumtia katika hasara kubwa zinapokuwa za pili kwa ubora. Fedha za mbele zinaweza kuwa faida iliyojificha, na zinaweza kuwa deni lililojificha.

Kutoka karata hadi mkeka

Nchini Kenya, mchezo uliobeba kamari mabegani ni kandanda. Kampuni ya SportPesa ilianza shughuli zake mwaka 2014, na katika muda mfupi jina lake likawa kifuani mwa Gor Mahia, klabu yenye mashabiki wengi katika eneo la Nyanza. Julai 2017, klabu hiyo ilicheza na Everton ya Uingereza jijini Dar es Salaam, timu zote mbili zikiwa na mdhamini huyo mmoja.

Mwaka huo huo, utafiti wa shirika la GeoPoll katika nchi sita za Afrika ulionyesha kwamba asilimia 76 ya vijana waliohojiwa nchini Kenya walikuwa wamewahi kucheza kamari, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko cha nchi nyingine zote katika utafiti huo.

Tofauti kubwa kati ya poka na kubashiri mechi ni mpinzani. Katika poka ya mtandaoni, wachezaji hugombea fedha zao wenyewe, na kampuni hukata sehemu yake, ambayo katika meza ndogo mara nyingi hukaribia asilimia tano ya fedha za mezani. Anayecheza vizuri kuliko wenzake anaweza, baada ya makato hayo, kubaki na kitu. Katika ubashiri wa mechi, mchezaji anapambana na kampuni, na kampuni ndiyo inayopanga bei.

Bei hiyo ndiyo wachezaji huiita odi. Ichukuliwe mechi ambayo ushindi wa timu ya nyumbani umepewa odi ya 2.00, sare 3.30 na ushindi wa wageni 3.60. Odi ya 2.00 ina maana kwamba timu ya nyumbani imepewa nafasi ya asilimia 50. Sare imepewa asilimia 30.3, na wageni asilimia 27.8.

Ukijumlisha utapata asilimia 108.1, ilhali mechi moja haiwezi kuwa na matokeo yanayozidi asilimia 100. Ile ziada ya asilimia 8.1 ndiyo riziki ya kampuni. Kwa lugha nyepesi, katika kila shilingi 100 zinazochezwa kwa bei hizo, kwa wastani shilingi 92.50 hurudi kwa wachezaji na nyingine hubaki kwa mwenye duka.

Kwa mechi moja, pengo hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini vijana wengi hawachezi mechi moja. Huunganisha mechi tano, kumi au zaidi katika mkeka mmoja ili odi zizidishwe na ushindi uonekane mnono. Wanachosahau ni kwamba makato nayo huzidishwa.

Kwa bei za mfano huo, mkeka wa mechi tano hurudisha kwa wastani shilingi 67.70 kwa kila shilingi 100. Mkeka wa mechi kumi hurudisha shilingi 45.90 tu. Mchezaji wa poka akiketi kwenye meza inayokata zaidi ya nusu ya fedha kabla ya mshindi kulipwa, angeinuka mara moja. Katika mkeka, makato hayo hayaandikwi popote. Kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni kiasi anachoweza kushinda.

Kodi nayo ina mkono wake. Ushuru wa asilimia 20 kwa kila dau uliwekwa mwaka 2019, ukaondolewa mwaka 2020, ukarudi kwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023 na 15 Desemba 2024. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ikabadili mfumo: asilimia tano ya fedha mchezaji anapoziweka katika akaunti yake ya kamari, na asilimia tano nyingine anapozitoa.

Makato hayo mawili yakipimwa kwa mizani ya mchezaji wa poka, picha huwa wazi. Anayeweka shilingi 100 hubaki na 95. Akizicheza zote kwa odi ya 2.00 na kushinda, hupata 190, na akizitoa hupokea 180.50. Ili asipate hasara wala faida, anahitaji nafasi ya kushinda ya asilimia 55.4. Odi inayoonekana kama sarafu iliyorushwa hewani inadai zaidi ya sarafu hiyo inavyoweza kutoa.

Michezo mipya imeongeza kasi. Aviator, mchezo wa ndege inayopaa na kutoweka ghafla kwenye skrini, umeundwa kurudisha asilimia 97 ya madau, kiwango kinachoonekana kuwa cha huruma. Lakini raundi moja huisha kwa sekunde chache. Anayecheza shilingi 20 kwa raundi 200 katika jioni moja atakuwa ameweka madau ya shilingi 4,000, na hasara ya wastani ni shilingi 120, hata kama mfukoni alikuwa na mia mbili tu alipoanza.

Jekipoti na kosa la kujiamini

Hakuna penye mvuto mkubwa kuliko jekipoti. Mei 2017, mshindi mmoja wa jekipoti kubwa ya SportPesa alilipwa zaidi ya shilingi milioni 221 baada ya kubashiri mechi 17 sawasawa. Februari 2018, mwingine akashinda shilingi milioni 208. Habari hizo zilifika kila kijiji.

Jambo kama hilo liliwahi kutokea katika poka. Mwaka 2003, mhasibu kutoka Tennessee, Chris Moneymaker, alishinda dola milioni 2.5 katika mashindano ya dunia ya Las Vegas baada ya kufuzu kupitia mashindano madogo ya mtandaoni ambayo ada yake haikufika dola 100. Mwaka huo washiriki walikuwa 839. Mwaka 2006 walikuwa 8,773. Mshindi mmoja aliwaita maelfu, na katika shindano moja ni mtu mmoja tu anayeshika nafasi ya kwanza.

Je, tiketi ya jekipoti ina thamani ya bei yake? Jibu linategemea namba moja ambayo mchezaji hujipa mwenyewe, nayo ni uwezo wake wa kubashiri mechi moja.

Mtu anayeamini kwamba hupata mechi moja katika kila mbili ana nafasi moja katika 131,072 ya kupata zote 17. Kwa dau la shilingi 100, angehitaji jekipoti ya shilingi milioni 13.1 tu ili hesabu yake isawazike, na milioni 221 zingekuwa neema tupu. Lakini mtu anayepata mechi 40 katika kila 100 ana nafasi moja katika zaidi ya milioni 5.8. Yeye angehitaji jekipoti ya shilingi milioni 582, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya ile iliyolipwa mwaka 2017. Na anayekisia ovyo ana nafasi moja katika zaidi ya milioni 129.

Tofauti ya alama 10 tu kwa kila mechi hufanya nafasi ya mwisho ipungue mara 44. Hapo ndipo kijana mwenye ujuzi wa kandanda anapoanguka, kwa sababu kuifahamu ligi ya Uingereza humfanya ajipe asilimia 50 mahali anapostahili 40. Mechi za jekipoti huchanganya ligi za nchi mbalimbali, nyingine zikiwa za timu ambazo hajawahi kuziona zikicheza. Isitoshe, washindi wakiwa wengi, fedha hugawanywa.

Deni lililojificha

Hesabu ya pili ya poka, ile ya fedha za mbele, ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Mchezaji aliyepoteza hujiambia kwamba amewekeza, kwamba siku yake inakaribia, na kwamba ushindi ujao utalipa yote. Anahesabu fedha za kesho bila kuuliza nani atakayezitoa na kwa sababu gani.

Katika poka, fedha hizo za mbele zina mwenyewe, naye ameketi mbele ya mchezaji na anaweza kuonekana jinsi anavyocheza. Katika mkeka hakuna mtu wa namna hiyo. Kampuni haikumbuki kwamba mteja alipoteza jana, na mpira haujui kwamba yeye anadaiwa kodi ya nyumba. Kila mkeka huanza upya, kwa bei ile ile iliyompunja jana.

Kinachomngoja mbele mara nyingi ni deni. Huduma ya Fuliza, iliyoanza Januari 2019, humwezesha mtumiaji wa M-Pesa kulipa zaidi ya kiasi alicho nacho na kutozwa ada hadi atakapolipa. Kuna pia mikopo ya haraka ya programu za simu. Aliyekopa ili arudishe alichopoteza amepandisha bei ya mkeka wake, kwa kuwa juu ya makato ya kampuni na ya serikali ameongeza ya mkopeshaji.

Wapo wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba shilingi 20 ni bei ya burudani, kama vile mwingine anavyolipia kutazama mechi kibandani. Mtu mzima anayejua kwamba fedha hizo zimekwenda, na ambaye hakuzitoa katika chakula cha nyumbani, hana haja ya kuhubiriwa.

Hata hivyo, burudani hiyo ikiwa ya kila siku hufika shilingi 7,300 kwa mwaka. Mchango wa chini wa bima ya afya ya jamii kwa asiye na ajira rasmi uliwekwa kuwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Dau linaloitwa dogo lingeweza kulipia mchango wa familia mbili, na chenji ikabaki.

Serikali nayo imekuwa ikivutwa huku na huku. Mwaka 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni nyingi za kamari. Aprili 2025, Bodi ya Kudhibiti Kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Wakati huo huo, kamari imeendelea kutajwa katika karibu kila sheria ya fedha kama chanzo cha mapato. Mkono unaozuia ndio huo huo unaopokea.

Somo ambalo Asumbi inaweza kufundisha

Katika hali hiyo, Asumbi ina nafasi ya pekee. Eneo hilo lililokua kando ya misheni ya Kikatoliki lina chuo cha kuwaandaa walimu na shule ya wasichana inayojulikana nchini. Jina lake pia limebebwa na kituo cha matibabu ya uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Elimu na uponyaji si mambo mageni huko.

Hesabu ya uwezekano si ngeni pia. Imo katika silabasi ya hisabati ya sekondari, ambako wanafunzi hufundishwa kwa sarafu, dadu na mipira ya rangi iliyofichwa mfukoni. Wengi hufaulu mtihani, kisha hutoka darasani na kununua mkeka wa mechi kumi bila kuona uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Mwalimu hahitaji kifaa kipya kuziba pengo hilo. Anahitaji odi za mechi tatu, kalamu na ubao. Mwanafunzi aliyejumlisha asilimia za mechi kwa mkono wake na kupata 108 atakuwa amejua jambo ambalo tangazo lolote la kamari halitamwambia. Aliyezidisha hasara hiyo kwa mechi kumi hatasahau kilichobaki katika shilingi mia yake.

Somo hilo halina haja ya kumwita mchezaji mpumbavu wala mwenye dhambi, maneno ambayo vijana wameyasikia mara nyingi bila kubadilika. Humwachia kijana uamuzi, lakini humpa kwanza kile ambacho mchezaji wa poka wa senti chache hukaa nacho mezani kila usiku: bei upande mmoja, nafasi upande mwingine, na ruhusa ya kutupa karata.

Ruhusa hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Katika poka, mchezaji hodari huacha karata nyingi kuliko anazocheza, na hakuna anayemwona mwoga. Sheria imekwisha kusema dau lisipungue shilingi 20. Haijamzuia mtu kuziacha mfukoni.